Dawa na Sumu za Nyumbani

Neno dawa katika Kiswahili lina mikono miwili. Kwa mkono mmoja humponya mgonjwa, kwa mkono wa pili humwua panya. Mtu akisema kuwa ametia dawa katika mahindi yake, msikilizaji hamwulizi mahindi hayo yaliugua nini; ajua kwamba kilichotafutwa ni kifo cha mdudu. Walakini kitu kinachomwua mdudu hakimheshimu binadamu kwa sababu ya ukubwa wake. Kikizidi kipimo, kikikosa mahali pake, au kikikosa mlinzi, huweza kumdhuru yeye aliyekinunua. Kwa hiyo kazi ya mwenye nyumba, ambayo wengi huidharau kwa kuwa haina mshahara, hukaribia kazi ya hakimu. Kila siku huamua kitu gani kiingie ndani, kikae wapi, kitumike kwa kiasi gani, na kitu gani kisivuke kizingiti kabisa.

Bugarama ni mahali panapofaa sana kuitazama kazi hiyo. Ni kata ya Halmashauri ya Msalala katika Mkoa wa Shinyanga, upande wa nchi unaopakana na Geita, karibu na mgodi mkubwa wa dhahabu wa Bulyanhulu uliofunguliwa mwaka 2001. Wenyeji wa upande huo, Wasukuma na Wasumbwa, wamekuwa wakulima na wafugaji tangu kale: mahindi, mpunga, mihogo, viazi vitamu, kunde na ng'ombe. Dhahabu imewaongezea watu wa mikoa mingi, maduka, na fedha iendayo mbio. Katika nyumba moja, basi, ya kale na ya sasa hulala pamoja: kibuyu cha maziwa na chupa ya jiki, debe la majivu na paketi ya sabuni ya unga, magunia ya mahindi na sumu ya panya, na katika nyumba ya mchimbaji mdogo, pengine kichupa cha zebaki juu ya ubao wa ukutani.

Msomaji na amfikirie mama mmoja wa makamo wa mahali hapo, mjane, ambaye mfano wake si adimu. Anakaa na mwanawe wa kiume, mchimbaji mdogo, pamoja na mkaza mwana na wajukuu wawili. Mama huyu hakusoma sana, lakini ana tabia moja ambayo wasomi wengi hawanayo. Akifundishwa hila yoyote ya kusafisha, ya kupika au ya kufukuza wadudu, huuliza sababu yake. Asipoipata huijaribu kwa hadhari, na akiipata huitumia mpaka pale sababu inapokoma, wala hapiti hapo. Mkaza mwana alipofika nyumbani mara ya kwanza alifanya kazi zote kwa kuiga. Mama akamwambia, "Mwanangu, usifanye jambo kwa kuwa umeniona mimi nalifanya. Siku nisipokuwapo utalifanya mahali pasipo pake."

Kitu cha kwanza katika hazina ya mama huyu hakinunuliwi dukani. Ni majivu ya kuni ngumu, yaliyochekechwa yakaondolewa makaa na mchanga, yakawekwa katika debe lenye mfuniko. Majivu hayo yana kazi tatu. Ya kwanza ni kusugua masufuria, maana chembe zake ni laini, nazo huondoa ukoko bila kukwaruza sana. Ya pili ni kukata mafuta. Maji yaliyopitishwa katika majivu huchukua aina ya magadi, huteleza baina ya vidole, na huyashika mafuta yaliyogoma. Ndiyo maji ambayo watu wa kale katika nchi nyingi waliyachemsha na mafuta wakapata sabuni. Kabla ya kuteleka chungu juu ya kuni, mama huyu hukipaka nje majivu yaliyokorogwa kwa maji. Masizi hushika juu ya majivu, na chombo kikioshwa vyote viwili huondoka pamoja. Mkono uliozoea kusugua nusu saa humaliza kwa dakika tatu.

Kazi ya tatu ya majivu ni kulinda kunde na maharage. Mdudu wa ghalani ana ngozi yenye nta nyembamba izuiayo maji ya mwili wake yasipotee. Unga wa majivu huikwaruza nta hiyo na kuinyonya, na mdudu akakauka. Aidha huziba nafasi zilizo kati ya punje, asipate njia ya kutembea wala ya kumfikia mwenziwe. Sababu ikijulikana, mipaka hujulikana pia. Majivu yaliyoingia unyevu hayakaushi kitu. Ukufi mmoja katika gunia zima ni mapambo, kwa kuwa punje nyingi hubaki tupu. Tena funza aliyekwisha kuzaliwa ndani ya punje hasikii habari ya majivu yaliyo nje. Ndiyo maana kunde huanikwa kwanza katika jua kali, kisha hutiwa majivu mapema, kabla mdudu hajatangulia.

Jua lenyewe ni mtumishi wa pili asiyelipwa. Kunde zilizotandazwa kwa unene mdogo juu ya turubai jeusi na kufunikwa nailoni ing'aayo, kingo zikagandamizwa kwa mawe, hupata joto ambalo mayai na funza hawawezi kulistahimili. Mchana mmoja wa jua kali hutosha. Lakini kazi kubwa zaidi ya jua ni kukausha nafaka, na hapo watu wengi hudanganywa na macho. Punda wa kubebea na mnunuzi wa kulipa wakisubiri mlangoni, mahindi huonekana makavu hata kama hayajakauka. Mama huyu hana mashine ya kupimia unyevu. Ana chupa ya kioo iliyo kavu na chumvi kavu. Hutia chumvi kidogo na viganja vichache vya mahindi, huziba, hutikisa kwa dakika kadhaa, kisha huiacha itulie. Chumvi ikigandama kwenye kioo, mahindi yangali na maji, nayo hurudi kwenye turubai. Chumvi ikishuka yote chini na kioo kikabaki safi, mahindi yamekuwa tayari kwa gunia.

Mtu aweza kusema kuwa hiyo ni hadhari ya kupita kiasi. Walakini nafaka iliyohifadhiwa mbichi huota kuvu, na baadhi ya kuvu huzalisha sumu iitwayo sumukuvu, ambayo hushambulia ini. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 kati yao wakafa. Mahindi waliyokula yalikuwa chakula chao cha kila siku. Moto wa jikoni hauiondoi sumukuvu. Ugali ulioiva sawasawa huibeba kama ulivyoibeba unga. Kwa hiyo mama huyu huchambua punje zilizovunda, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, wala hazitupii kuku, kwa kuwa ajua kuwa kitakachomla kuku kitarudi mezani kwa mlango wa nyuma.

Baada ya kuvu yupo mdudu ambaye ukanda huo wa nchi una historia naye. Kale adui wa mahindi alikuwa fukusi, na wenye nyumba walimzoea kama watu wanavyomzoea mdai mpole. Mwishoni mwa miaka ya 1970 wakulima wa Tabora, jirani wa Shinyanga, waliona mdudu mwingine, mdogo, mweusi, mwenye umbo la bomba, aliyetoboa mahindi na kuyageuza unga mtupu. Mwaka 1981 alitambuliwa kuwa ni mgeni kutoka Mexico na Amerika ya Kati. Serikali na wataalamu walimwita dumuzi. Wakulima, kwa nguvu zake na mwendo wake, walimpa jina la lori kubwa, Scania. Katika ghala zilizopimwa Tabora, baadhi ya wakulima walipoteza kama theluthi ya uzito wa mahindi yao kwa miezi michache, na mihogo mikavu iliweza kupoteza zaidi ya nusu.

Dumuzi aliwafundisha watu kwamba hila nzuri ya jana huweza kuwa karamu ya adui wa leo. Desturi ilikuwa kuweka mahindi pamoja na magunzi yake, na kwa fukusi desturi hiyo haikuwa mbaya. Dumuzi, kinyume chake, hupenda punje iliyoshikwa imara katika gunzi, maana hapo hupata mahali pa kujishikiza anapotoboa. Punje iliyopukuchuliwa humtelezea. Kwa hiyo wakulima walishauriwa wapukuchue kwanza, ndipo wachanganye dawa ya unga. Tena dawa moja haikutosha. Ile iliyomwua fukusi vizuri haikumweza dumuzi, na ile iliyomweza dumuzi haikuwa hodari kwa fukusi. Ndipo zikachanganywa mbili katika unga mmoja, na kipimo chake kikawa gramu 100 kwa gunia la kilo 90. Mtu aliyeshika ushauri wa dawa akauacha ushauri wa kupukuchua alilipa fedha bure, kwa kuwa unga haufiki katikati ya gunzi.

Siku hizi ipo njia nyingine isiyo na sumu, nayo ni mifuko isiyopitisha hewa. Kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya kunde, katika kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani iliyoanza Cameroon katika miaka ya 1980. Ndani mna mifuko miwili ya nailoni nzito, na nje mna gunia la kawaida. Wadudu waliofungiwa humo huvuta hewa iliyopo mpaka ikawaishia. Hawawezi kuvuta nyingine, basi huacha kula, huacha kuzaa, na hufa. Mama huyu ana mfuko mmoja wa namna hiyo, lakini mbegu zake za kunde huzitia katika dumu la plastiki lililo safi na kavu, akalijaza mpaka shingoni pasibaki nafasi ya hewa, akakaza kifuniko. Sababu ni ile ile. Mkaza mwana alipoufungua mfuko kila siku apate kibaba cha kusaga, mama alimwonyesha kuwa kila afunguapo huwapa wadudu pumzi mpya. Tangu siku hiyo hutoa ya wiki mbili kwa mara moja.

Jikoni nako mna hukumu zake. Maharage makavu hula kuni, na kuni katika Shinyanga si kitu cha kufanyia mchezo. Magadi huyalainisha upesi, kwa kuwa hulegeza kile kinachoshikamanisha ganda na nyama ya punje. Hata hivyo magadi yakizidi hutia ladha ya sabuni, na huharibu sehemu ya vitamini iliyomo. Mama huyu huyaloweka maharage usiku kucha, na magadi huyaacha kwa yale ya zamani yaliyokuwa magumu kama changarawe, akatia chembe tu. Viazi vitamu hukatwa na kuanikwa vikawa michembe, au huchemshwa kwanza ndipo vikaanikwa vikawa matobolwa; hivyo jua huwafaa. Majani ya kunde, yaliwayo miezi ya kiangazi kwa jina la nsansa, huanikwa kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hula kile kinachofaa macho ya watoto. Jua lile lile lililosifiwa katika kunde hulaumiwa katika majani yake.

Katika usafi, hatari kubwa huzaliwa na bidii. Jiki huua vijidudu na kutakatisha nguo nyeupe. Limau na siki huyeyusha ukoga wa birika. Mtu mwenye bidii huweza kudhani kwamba vikichanganywa vitakuwa na nguvu maradufu. Hutoka hewa kali ya klorini, ambayo katika choo kidogo kisicho na dirisha huweza kumwangusha mtu. Dawa za kusafishia choo nyingi zina asidi, na hukumu yake na jiki ni hiyo hiyo. Kwa hiyo vitu hivyo katika nyumba ya mama huyu havitumiwi siku moja mahali pamoja. Panya nao hawatiliwi sumu mpaka mengine yote yamejaribiwa: magunia huinuliwa juu ya mbao mbali na ukuta, makombo hufunikwa, matundu huzibwa, mtego hutegwa. Sumu hutafuta tumbo lolote. Panya aliyekufa kwayo huliwa na paka, na chambo chake huokotwa na mtoto atambaaye.

Nchi nzima ya Shinyanga iliwahi kuwa kama nyumba moja iliyotafuta dawa ya mdudu mmoja. Mdudu huyo alikuwa mbung'o, mwenye kuleta nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Katika miaka ya 1920 na iliyofuata, mji wa Shinyanga ulikuwa makao ya uchunguzi wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, aliyekufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Mbung'o hupenda kivuli cha vichaka. Basi vichaka vilikatwa na kuchomwa juu ya maeneo makubwa, na watu na mifugo wakapata nafasi. Hila hiyo ilikuwa na sababu ya kweli, na matokeo yake yalionekana. Lakini ukataji uliendelea kwa mashamba, kwa kuni na kwa malisho hata pale palipokwisha kukosa mbung'o, mpaka upepo na mvua vikaichukua ardhi, na Shinyanga ikaanza kuitwa jangwa. Mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ukairudia desturi ya Wasukuma ya ngitili, yaani kuutenga uwanda wa majani na miti upumzike kwa ajili ya malisho ya kiangazi. Miti ilirudi, na mwaka 2002 mradi ulitunukiwa Tuzo ya Ikweta. Dawa ya mbung'o ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kusema basi.

Kusema basi ni kugumu zaidi pale dawa au chombo kinapoleta fedha, na hapo ndipo zebaki inapoingia katika habari za jikoni. Mchimbaji mdogo husaga mawe yake, husuuza unga wake, kisha huuchanganya na zebaki katika karai. Zebaki hukusanya chembe za dhahabu zisizoonekana kwa macho, vikawa donge la kijivu. Donge hukamuliwa katika kitambaa, kisha huchomwa. Zebaki hupaa, na dhahabu hubaki. Kazi hiyo yataka moto na chombo cha chuma tu, na vyote viwili vipo nyumbani: jiko la mkaa na kikaango. Mlango hufungwa, maana dhahabu haitaki mashahidi. Hivyo mahali pa siri kuliko pote huwa ndipo mahali penye watoto.

Watu wengi huidhania zebaki kuwa mpole kwa sababu wameishika kwa mikono miaka mingi na hawakuanguka. Ukali wake mkubwa umo katika mvuke. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtu akiuvuta, karibu sehemu 80 katika kila 100 hubaki mwilini mwake, zikaenda katika damu, katika figo na katika ubongo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupungua, kumbukumbu hufifia, na hasira huja bila sababu. Na kwa kuwa mambo hayo huja polepole, hupewa majina mengine, kama uzee, pombe au kurogwa. Kwa mwanamke mwenye mimba mvuke hupita mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Sehemu isiyovutwa hupoa juu ya bati, ukuta, chandarua na vyombo, kisha hupaa tena kidogo kidogo nyumba ipatapo joto. Moto umezimwa zamani, na nyumba ingali ikifuka.

Dunia ililijua jina la Minamata, mji wa Japani, mwaka 1956, zebaki iliyotoka kiwandani ilipopita katika samaki ikawalemaza watu. Mkataba wenye jina hilo ulipitishwa mwaka 2013, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Miongoni mwa mambo ambayo mkataba huo wataka yakomeshwe ni kuchoma donge la zebaki wazi, na kulichoma katika makazi ya watu. Maneno hayo yaliandikwa mbali, katika lugha za mikutano, lakini maana yake huamuliwa na mtu mmoja anayesimama baina ya mlango na jiko.

Katika nyumba ya mama huyu iliamuliwa usiku mmoja wa masika. Mwana alirudi na donge lake, nguo zimelowa, na deni la mashine ya kusagia linamngoja asubuhi. Alikuwa amekwisha kuchoma mara moja hapo nyuma, mama akiwa safarini.

"Mama, niazime jiko. Ni dakika chache tu, na nje mvua yanyesha."

"Mwanangu, nikitia sumu ya panya katika unga kwa dakika chache kisha nikaichambua, utaula ugali huo?"

"Lakini kila mtu achoma nyumbani, mama. Nikilala nayo bila kuchoma, wezi. Nikiipeleka kwa mwenye mashine, atanikata bei."

Hoja za mwana hazikuwa za uwongo. Mwenye mashine alikuwa na chombo cha kuchomea kilichofungwa, chenye bomba la kupoozea mvuke ukarudi kuwa zebaki; lakini alijua thamani ya chombo chake, na mwenye shida hulipa zaidi. Mama hakumwambia mwanawe aache machimbo, kwa kuwa sare za wajukuu zilitoka huko, na hata mfuko wa kuhifadhia mahindi ulinunuliwa kwa fedha ya huko. Alimwambia jambo moja: jiko halitatoka, wala donge halitapita mlango wa jikoni, leo wala siku nyingine. Mwana alikwenda mvuani. Aliporudi, fedha iliyobaki baada ya makato na deni haikutosha kununua sukari ya wiki, na kwa siku kadhaa chai ilinywewa chungu, na maneno nyumbani yalikuwa machache kuliko kawaida.

Mkaza mwana, kwa kutaka kurudisha amani, alichukua kile kikaango kilichotumika mara ya kwanza akaanza kukisugua kwa majivu, kama alivyofundishwa. Mama alimshika mkono. Majivu huondoa mafuta, masizi na ukoko. Sababu yake huishia hapo. Hayana uwezo juu ya kitu kilichoingia katika mikwaruzo ya chuma na kinachongoja moto kipae tena. Kukitupa jalalani kungekuwa kumpa jirani mwenye dhiki, na kukiuza kwa wanunuzi wa vyuma kungekuwa kukipeleka mbali tu. Mama alichukua msumari na jiwe, akakitoboa matundu matatu katikati, mtu yeyote asipate kukipikia tena, akampa mwanawe akarudishe machimboni kwenye karakana. Kilikuwa kikaango kizuri, kizito, nao hawakuwa na kingine cha ukubwa huo.

Nyumba nyingi za Bugarama na za mahali pengine zina majivu, jua, chumvi, limau, magadi, na sasa mifuko isiyopitisha hewa. Vitu hivyo ni rahisi, na mtu akivisifu husadikiwa upesi. Kitu kisichouzwa dukani ni ile kawaida ya kuuliza kila kimoja chafanya kazi kwa sababu gani, na kukiachia pale sababu yake inapokwisha. Mwenye kawaida hiyo huweza kuishi karibu na vitu vingi vya hatari bila kuvigeuza kuwa watu wa nyumbani. Huandika jina juu ya kila chupa; hatii mafuta ya taa katika chupa ya soda; hachoti maji kwa dumu lililobeba kemikali; na hukubali kunywa chai isiyo na sukari kwa wiki moja, iwapo bei ya sukari hiyo ni pumzi ya mtoto aliyelala chumba cha pili.